Aya ya Arobaini na Moja

Maneno mia nne ndiyo nafasi tuliyopewa
kwa Mombasa nzima.
Lamu wamepata mia mbili, msilalamike,
asema mratibu kwa simu inayokatika.

Nimekaa Ganjoni, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri.
Grinda yalia chini, chai yatetemeka mezani.
Serikali ishapeleka yake: kurasa sitini na nane,
majedwali, chati za duara, "hatua kubwa zimepigwa".
Yetu huitwa ripoti ya kivuli.
Nami kivuli nakijua: saa sita mchana hapa
hukuingia chini ya nyayo, ukakikanyaga mwenyewe.

Umazi alikuja kutoka Jomvu na kikombe.
Si picha ya kikombe. Kikombe chenyewe, cha plastiki,
kifuniko manjano, 212 kwa wino mzito.
"Langoni mwa kiwanda," asema, "kabla hujaandikwa kazi.
Foleni tangu alfajiri, kila mtu na chake.
Mlinzi kageuza uso, eti ana haya,
lakini mkono wake haukugeuka.
Mstari mmoja, ingia. Miwili, waonyeshwa barabara.
Mimi mmoja. N'liingia.
Nyuma yangu Mbodze, miwili.
Na mkate tulikula mmoja, asubuhi ile."

Nikauliza: mwashona nini humo?
"Suruali za Ulaya. Nyingine zina lastiki pana tumboni,
za waja wazito."
Grinda ikanyamaza kidogo, ikaanza tena.

Nikamweleza kwamba serikali yetu imetia sahihi mkataba,
na kila baada ya miaka huulizwa: mmeutimiza?
"Bahati yao," akasema, "wana mkataba.
Sisi twaandikwa kwa siku."

Nikamsomea neno kubwa: ubaguzi.
Akalitafuna. "Hilo la kwenye karatasi.
Sisi tulipetwa, mama. Kama mchele.
Na pumba ndizo zilizokuwa na mtoto ndani."

Nikaandika *wanawake kadhaa*.
Nikafuta. *Wanawake thelathini na mmoja.*
Mratibu: una ushahidi?
Ninao, nikasema, uko mezani, una kifuniko.
Fomu haina mahali pa kutia kikombe.
Mchele nao haukuingia. Ulizidi kwa maneno tisa.

Siku ya Geneva tulikodolea kioo cha laptopu,
watu sita, bando la mtu mmoja.
Ujumbe wetu ulivaa suti za kijivu, ukashukuru kila swali.
Kisha bibi mmoja wa Kamati akashusha miwani:
na huko langoni, viwandani, pwani?
Sauti ikakwama. Duara likazunguka, likazunguka.
Iliporudi, mtu alikuwa akisema
*tutajibu kwa maandishi.*

Mwezi wa pili tukapata aya yetu, arobaini na moja, herufi *ch*:
*Kamati ina wasiwasi kuhusu taarifa za wanawake
kupimwa ujauzito kama sharti la ajira.*
Nilipiga kelele, nakiri. Nilishuka ngazi mbio
nikamwambia fundi wa grinda, akanipa pongezi
bila kujua za nini.

Umazi alisoma kwa kidole, polepole, mara mbili.
"Mbodze yuko wapi hapa?"
Nikamwonyesha neno *taarifa*.
Akalitazama kwa muda, kama mtu atazamaye nyumba aliyoambiwa ni yake.
"Na wataulizwa tena lini?"
Miaka minne.
Akahesabu kwa vidole: mtoto atakuwa shule.

Akaomba nakala. Ya muhuri, akasisitiza;
karatasi bila muhuri ni ya kufungia mahamri.
Ofisi ina muhuri mmoja tu, IMEPOKELEWA.
Niliugonga kwa nguvu. Ukatoka juu chini.
"Wacha," akasema, "yasomeka,"
akaikunja mara nne, akaitia kifuani,
akatoka kwenda kwa Mbodze
kabla ya zamu ya usiku.

Kikombe alikisahau. Au hakukisahau.