Mizani

Siku niliyorudisha kitambulisho cha ofisi
mlinzi wa getini alikigeuza mara mbili
kama noti anayoishuku.
"Umehamishwa, dada? Makao makuu?"
Nikasema, naenda Uyole, kupika sabuni.
Akacheka mpaka kofia ikamwanguka,
kisha akaacha kucheka
akasema, pole.

Miaka kumi na moja nilikagua hesabu.
Shilingi iliyopotea Chunya mwezi wa tatu
nilijua ilikojificha mwezi wa tisa.
Nilijua saini ya kweli
na ile iliyojifunza kufanana nayo.
Kwa nini viganja vyangu vililowa jasho
kila simu ya mezani ilipolia,
hilo sikulijua.
Wala daktari hakulijua. Aliandika: pumzika,
kana kwamba pumziko liko famasi,
kimoja mara tatu, baada ya chakula.

Mama akapiga simu kutoka Kiwira.
"Atupakisye, mikungu mingapi ya ndizi niliuza
ili wewe ufanye mitihani ya bodi?
Sabuni hata mimi nilipika,
kwa jivu la maganda,
na hakuna aliyenivisha joho."
Sikujibu. Nikasikiliza mvua ikipiga bati lake.
Kabla hajakata, akasema taratibu, kama anayeiba:
"Jivu la ndizi, lakini,
usilichanganye na la mkaratusi."

Sabuni ya kwanza haikuganda.
Ililala kisandukuni siku nne
kama uji wa mgonjwa aliyekataa kula.
Ilikuwa Juni, na Juni ya Uyole
huingia ndani bila hodi.
Ya pili iliganda, lakini kostiki iliruka
ikanichora mkono wa kushoto
pale palipokuwa pakikaa saa.
Ya tatu ilinuka parachichi
lililosahauliwa kwenye gunia.
Mafao yangu yaliingia sufuriani
yakatoka moshi.

Usiku huo nililia kidogo, nikala kiporo,
ndipo nikakumbuka nilikuwa nani.

Asubuhi nikashuka Mwanjelwa
nikanunua mizani ya sonara,
ile inayopimia vumbi la dhahabu.
Nikachora safu: mafuta, nta, mchaichai, maji, dakika.
Nikaikagua sabuni kama nilivyokagua wilaya,
bila kumwonea mtu haya.
Gramu tatu zilizozidi
zikakiri.

Baadaye nikatengeneza marhamu,
kwa nta ya Mufindi na mafuta ya parachichi.
Tumwitike, muuza viazi wa barabarani,
akachukua kopo moja kwa mkopo.
Wiki mbili hakuonekana.
Nikaandika jina lake kwa penseli
kwenye ukurasa wa wadaiwa sugu.

Akaja siku ya mvua. Hakuleta pesa.
Alivua kandambili,
akapandisha mguu juu ya stuli yangu,
akasema, "Tazama."
Mpasuko uliokuwa ukimeza mchanga
ulikuwa umefunga mdomo.
Niliinama, nikaukagua toka mwanzo hadi mwisho.
Hesabu ilikubali.
Akaniachia debe la viazi, akaenda zake.
Nikafuta penseli.

Sitakudanganya: kuna miezi
kodi ya chumba huniangalia kutoka ukutani
nami naiangalia.
Wenzangu wa zamani hununua sabuni mbili mbili
kwa sauti ile ya kutembelea wagonjwa.

Jana alikuja kijana wa viwango,
mkoba mpya, viatu vilivyoogopa tope letu.
Akaomba daftari.
Nikatazama kidole chake kikishuka kwenye safu
na nilijua kitakapokwama.
Ukurasa wa saba.
"Viazi, debe moja," akasoma.
"Samahani mama, hii ni nini?
Malighafi? Mapato?"

Viganja vyangu vikalowa kama zamani.
Nikavifuta kwenye aproni,
vikanuka mchaichai.
Nikamwambia:
andika kisigino.