Kutia Chumvi

Saa tisa na robo usiku, Makadara,
mashine ya kukuzia damu ililia.
Chupa ya kumi na nne. Nilikuwa nimevua kiatu kimoja,
mahamri ya jana yangali kwenye kifuko.
Kibandiko kilisema: Shee Mbwarali, miaka hamsini na miwili,
joto thelathini na tisa nukta nane,
mguu wa kushoto.
Basi. Mguu wa kushoto.
Aliyeandika hakupata wasaa wa kitenzi.

Nilipaka rangi, nikainamia hadubini:
vijiti vyekundu, vimepinda kidogo
mfano wa ukucha uliokatwa;
na kwenye tone bichi vilikwenda mbio
baina ya chembe za damu
kama watoto wa Kibokoni vichochoroni,
wasiouliza njia.
Nilipata kuviona kitabuni tu. Mwalimu wetu alisema,
hivi hamtakutana navyo, fungueni ukurasa wa pili.

Nikampigia Daktari Mwandawiro:
hiki si kidudu cha wodini, hiki kimetoka baharini.
Akapiga mwayo. "Dada, usiku wote huu
wanitilia chumvi?"

Basi nikatia chumvi.
Neli mbili za mchuzi wa maabara,
moja kavu ya chumvi, moja nimeikoleza,
nikapanda kiumbe kile kotekote
nikangoja kama aliyeinjika wali na wageni wako barazani.
Saa tatu asubuhi ya kwanza ilikuwa maji,
ungeweza kusomea gazeti nyuma yake.
Ya pili imetibuka kama tui.

Daktari alikuja, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.
Hakusema samahani. Alikimbia,
nami nikaipokea hivyo.

Mkewe, Bi Mwanatumu, alikuwa kwenye benchi la nje
na viatu vyote viwili vya mumewe mapajani.
Kazi yake kukwangua matishari Mbaraki, alisema:
maji yakipwa hujipenyeza chini ya tumbo la chuma
awabandue chaza walioganda.
Jumamosi ganda lilimchana muundi,
mkato usiozidi njiti ya kiberiti.
Jumapili adhuhuri mguu umevimba,
malengelenge rangi ya zambarau mbivu,
na yeye aita watu waliokufa zamani.

Mdharau mwiba, nilianza.
Akanikatiza.
"Hakuudharau. Aliuosha.
Aliuosha kwa maji ya bahari,
kama tulivyofunzwa sote."

Nilinyamaza. Ningesema nini?
Kwamba wengi huchanika kila siku pwani hii
na bahari huwaachilia waende zao.
Kwamba macho yake yalikuwa manjano mwaka mzima
naye akasema ni jua la kazini;
kwamba ini lilisinyaa kimyakimya
likaiacha damu imejaa chuma,
na kiumbe hiki chakula chake chuma.
Miaka ishirini na sita akikwangua chuma kwa nje.
Kwamba hakikuja kwa chuki.
Kiliingia ufa, kikaonja,
kikakuta chumvi,
kikadhani maji yamejaa.

Walikata juu ya goti, Jumatatu saa saba mchana.

Mwezi wa pili alikuja kutolewa damu, na magongo mapya
yenye nailoni bado kwenye vishikio.
"Nionyeshe huyo," akasema.
Nilimwekea slaidi iliyokwisha kufa.
Alifumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu,
midomo ikicheza kama anayehesabu.
"Mdogo hivi?"
Kisha, bila kuinua kichwa:
"Matishari sasa anakwangua Athmani wangu, wa pili.
Mimi hanisikii. Wewe una koti jeupe.
Niandikie."

Nikachukua karatasi ya majibu,
penye nafasi ya maoni nikaandika
avae buti, avae glavu, akichanika aje siku hiyo hiyo.
Nikagonga muhuri.
Akaikunja mara nne, akaitia kofiani.