Aliomba Paka

Ghaniya aliomba paka.
Baba yake, kaka yangu Sleyum, mtu wa kupenda sifa,
akarudi shambani Barka na pikapu,
na nyuma, baina ya magunia ya pumba,
shingo ndefu, rangi ya chai ya maziwa,
nywele zimemfunika macho
kama bwana harusi aliyekosa kinyozi.
"Alpaka," akasema.
Mtoto akalikata neno vipande viwili: "Al-paka?
Kumbe paka akitiwa Kiarabu huwa mkubwa hivi?"

Tulicheka mpaka kahawa ikapoa.

Hiyo ilikuwa Februari,
na Februari nchi hii humsamehe kila mtu.
Alitembea chini ya mitende,
akitafuna kushoto kulia, kwa adabu, kama ajuza na tambuu yake.
Majirani walikuja na simu zao.
Nabhan, mwenye ngamia wa mbio,
alimzunguka mara tatu, akamtazama kwato, akamtazama jino:
"Huyu ni wa ukoo wetu,
ila kalelewa na kondoo."

Watu huniuliza: je, anafaa kufugwa nyumbani?
Miye niliyembebea maji nitasema nililoliona.
Haumi. Havunji kitu.
Choo chake ni kona moja, kila siku ile ile,
nidhamu ambayo wageni wetu wa Idi hawana.
Lakini si wa kukumbatiwa.
Ghaniya akinyoosha mkono,
yeye hunyoosha shingo upande wa pili.
Na siku alipovishwa kilemba cha Sleyum apigwe picha
alitema,
mate ya kijani, yenye uvundo wa majani yaliyochacha,
yakatua kifuani, kwenye kanzu nyeupe,
saa moja kabla ya sala ya Ijumaa.
Sikumlaumu. Miaka mingi na mimi nilitamani.

Usiku alikuwa akiguna.
Si kilio: mmm, mmm,
kama mtu anayetafuta jina lililo ncha ya ulimi.
Daktari wa mifugo, Rumaitha, alikuja kutoka Seeb,
hakufungua hata mkoba wake.
"Mwenziwe yuko wapi?"
"Mwenzi gani?" akauliza Sleyum.
"Hawa hawafugwi mmoja. Mmoja ni mfungwa."
Akanywa kahawa, akaenda zake.

Kisha Mei.
Mchanga ukawaka, bomba likatoa maji ya kuchemshia chai.
Mkata manyoya wa kondoo alikataa kumgusa;
Sleyum akamnyoa kwa mashine ya ndevu zake mwenyewe,
ikafa katikati ya ubavu.
Feni moja, feni mbili,
mwishowe kiyoyozi cha majlisi.
Wageni tukawakalisha nje watoke jasho;
ndani, juu ya zulia la mahari ya mama,
amekaa yeye, nusu kanyolewa, nusu sultani,
anaguna.

Juni tukampandisha Jabal Akhdar,
kwa bibi mmoja mwenye makomamanga na alpaka wawili.
Chini ya mlima askari alikagua magurudumu manne,
akachungulia nyuma, akaona miguu minne mingine,
akatupungia mkono, asiseme neno.
Huko juu upepo una baridi ya mtungi.
Wale wawili waliguna kutoka nyuma ya ukuta wa mawe.
Wetu akasimamisha masikio,
akaruka kabla mlango haujafunguliwa vizuri.
Hakugeuka.

Ghaniya alisubiri ageuke.
Alisubiri mpaka vumbi likatua.
"Hata shukrani hana," baba akasema.
"Kwani alituomba?"

Njia nzima ya kuteremka hakuna aliyesema,
ila breki.

Siku hizi mtoto haombi paka wala chochote.
Na mimi, kila nikisafisha kile kiyoyozi,
nachomoa kwenye kichujio kidonge cha sufu,
rangi ya chai ya maziwa.
Nakitia mfukoni. Sijui cha nini.