Dukani Kiborloni

Ya petroli inanguruma kama pikipiki ya mkataba,
anasema Elinami, akiipangusa vumbi kwa shati lake.
Ya umeme haina kelele, ila waya wake mita kumi,
na ua wangu kule Kibosho haujui soketi.
Ya betri? Nimeinyanyua. Nyepesi kama kuku wa mayai.
Bei yake si nyepesi.

Unafyeka nini, mama Ndelilio?
Nyasi, nikamwambia. Na michongoma ya mbele.
Mpakani je?
Mpakani ni masale.
Aliyapanda mama siku alipopatana na shemejiye.
Hayo hayasogelewi na injini.

Nikalipia ya petroli, na kopo la oili.
Nimefika mlangoni, nikageuka:
nipe na tupa,
lile panga lake limekuwa butu.