Upande wa Ndani

Cirhuza alikuja saa nne za usiku, umeme umerudi,
akaweka kompyuta juu ya meza yangu ya kukatia,
juu ya chaki, juu ya suruali ya mwalimu Bagalwa
niliyomwahidi tangu Jumanne.
"Shangazi, tunatengeneza filamu ya mitindo.
Hatuhitaji kamera. Hatuhitaji mrembo wa kulipa.
Tunaandika tu."

Akaandika kwa Kifaransa, maana Kiswahili chetu, alisema,
mashine inakisikia kama mtu aliye ng'ambo ya mto.
Mwanamke. Kikwembe cha buluu. Bukavu. Asubuhi.
Tukangoja. Kompyuta ikahema kama mgonjwa wa pumu.

Ikatuletea Bukavu ya mchanga, na ngamia mmoja.
Nikacheka hadi pini zikanidondoka mdomoni.
"Iambie hapa ni milima.
Iambie nyumba zimepandiana mabegani,
iambie mvua ya Aprili inavyoshuka ngazi za Kadutu
na viatu vya watu."
Mara ya tisa ziwa likatokea,
si letu hasa, ila lingeweza kuwa binamu yake.

Kisha yeye akatoka.
Mrefu, mweusi wa kung'aa, hana jina,
akishuka ngazi bila kutazama miguu.
Hapo nikajua si wa kwetu.
Mkono wa kushoto, vidole sita.
Cirhuza akafuta, kikaja cha saba.
Akafuta tena, mkono wote ukazama ndani ya mkoba,
tukauacha humo.

Lakini gauni.
Ee, gauni lile.
Buluu ikianzia begani kama moshi,
mikono yenye mikunjo kama tumbo la uyoga,
kiuno kimebanwa na hakuna kilichokibana.
Sekunde kumi na moja.
Nimeshona miaka thelathini na mmoja
na nikaona wivu, nakiri,
kama mpishi aliyenusa chungu cha jirani.

"Mgeuze."
"Nimgeuze vipi?"
"Nione zipu iko wapi."
Akageuka, na mgongoni gauni likawa jingine,
vifungo vimejipanga, havifungui kitu.
Wahenga walisema vyaelea vimeundwa.
Hili lilielea tu.

Alfajiri megabaiti zikaisha, na filamu nayo.
Mwishoni aliandika: mavazi, Nsimire.
Nikamwambia futa, sijakata hata uzi.
Hakufuta.

Wiki ya pili akaja Nabintu, binti wa muuza sambaza,
simu mkononi, harusi Agosti.
"Mama, nataka hili hili. Nimeona jina lako."

Ningeweza kumwambia.
Nilichukua futi.
Mabega, kifua, kiuno, nikaandika kwenye boksi la sabuni,
na alipoondoka nikaitazama ile picha
usiku kucha, nikitafuta pa kuingilia.
Mkono ulitoka begani bila kwapa.
Nikakata kwapa.
Nikaacha sentimita mbili za akiba kila upande
kwa ajili ya mtoto, kwa ajili ya ugali na miaka.
Mashine haijaambiwa kwamba mtu hunenepa.
Zipu nikaitia ubavuni, kushoto,
maana mkono wake wa kulia una vidole vitano
na vyote vina haraka.

Jana alijaribu. Halikuelea.
Lilikaa. Linamvuta kidogo kwenye nyonga, nitalegeza.
Akazunguka mbele ya kioo changu chenye ufa,
na kila alipogeuka
lilikuwa lilelile.

Sasa Cirhuza yuko mlangoni, anataka kulipiga picha
aionyeshe mashine, ili safari ijayo isikosee.
Nimemwambia asubiri.
Nimeligeuza gauni, ndani kuwa nje,
nyuzi zinaning'inia, chaki bado haijafutika.
Anzia hapa, nimesema.
Na mwalimu Bagalwa akipita,
mwambie Jumanne.