Niandike na Mimi

Jina langu lilikuwa la kwanza.
Bhavini, binti wa duka la mabomba, Miomboni.
Jumapili, saa kumi na moja jioni,
ameonekana juu ya Gangilonga
na kijana asiye wetu,
kichwa wazi, anacheka.

Yote ni kweli.
Upepo ulikuwa mkali, mtandio ungekaa vipi?
Na Mgovano alikuwa anaiga sauti ya mwalimu wa hesabu,
nani asingecheka?

Pravinchandra aliandika kwa wino mwekundu
kwenye kaunta buku kubwa,
ndugu yake lile la madeni ya saruji.
Kisha akabandika karatasi mlangoni mwa hekalu
kwa gundi ya mbao, isije ikabanduka:
wasichana wasivae suruali,
wasionekane barabarani taa zikishawashwa,
siku tisa za Navratri wacheze hadi saa tatu,
mbele ya macho ya Kamati.
Wavulana hawakutajwa.
Kaka yangu alikuwapo siku ile juu ya jiwe.
Ndiye aliyebeba karanga.

Wahehe waliliita jiwe lile jiwe linalosema.
Nilishuka kutoka kwenye jiwe linalosema
nikaambiwa ninyamaze.

Wiki nzima baba hakunitazama.
Mama alipika, akafunika sufuria, akalala.
Wateja walinunua koki na kona za bomba
wakanipa pole kama nimefiwa.

Usiku wa kwanza wa zile tisa,
jakaranda zimemwaga maua mpaka kwenye ngazi,
bibi Kokila akaingia na fimbo yake.
Hakwenda madhabahuni. Alikwenda kwenye meza ya Kamati.

"Fungua ukurasa. Andika.
Kokila, mjane, miaka sabini na tisa.
Mwaka sitini na nane, Ifunda, nilikunywa ulanzi.
Andika vizuri: haukuwa mtogwa,
ulikuwa mkangafu.
Nikaongezewa."

Pravinchandra alicheka, peke yake, akaacha.
Nyuma ya bibi alisimama Jyotsna wa duka la dawa:
"Andika. Naendesha gari usiku hadi Mafinga,
sina mtu pembeni, redio juu."
Nyuma yake Urmila, mke wa katibu wa Kamati:
"Andika. Siku zangu za mwezi naingia humu humu,
nawasha taa, nagonga kengele.
Miaka kumi na tisa sasa. Paa liko pale pale."
Katibu akainama kutafuta kitu chini ya meza.
Alikitafuta muda mrefu.

Foleni ikatoka nje, ikazipita ndala zilizovuliwa,
masweta juu ya sari, pumzi zikitoa moshi.
Damayanti, ambaye hana kosa hata la kusingiziwa,
alisimama mbele ya meza akafikiri,
akasema: "Acha nafasi. Nitalileta."

Ndipo bibi akanyoosha fimbo kuelekea sanamu.
"Na Huyo umemruka.
Mikono minane, yote ina silaha,
amepanda simba usiku huu wa manane,
na mume simwoni.
Ungeanza na Yeye, mwanangu, kama wino unatosha."

Wino ulikwisha ukurasa wa kumi na moja.
Akaomba kalamu.
Mikoba arobaini mle ndani,
hakuna zipu iliyolia.

Sitasema tulishinda.
Karatasi ilibanduliwa, sijui na nani,
mlango ukabaki na madoa manne ya gundi.
Kaunta buku lipo mahali.
Baba bado ananiita "wewe."

Na mama hakupanga foleni.
Nilimwona kizingitini na sinia la maua,
haingii, hatoki.

Lakini usiku ule, tukisuuza vyombo,
maji ya Iringa yakikata vidole,
aliuliza bila kugeuka:
"Kule juu ya jiwe,
nyumba yetu inaonekana?"