Kumi na Mbili, Mara Tatu

Taa ya njano iliwaka Jumanne, juu ya daraja la mto Maumee,
natoka zamu ya usiku kufua mashuka ya hospitali,
mikono bado inanuka klorini.
Injini haikukohoa. Gari halikuyumba.
Taa tu, na maneno matatu ya Kiingereza
yakiniambia niihudumie injini karibuni.
Karibuni lini, hayakusema.

Ni Biuki ya mwaka themanini na tisa,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.
Niliinunua kwa mjane wa Mtaa wa Lagrange
pamoja na mwavuli wake, na rozari iliyoning'inia kiooni.
Taa ile niliibandika plasta.
Funika kombe mwanaharamu apite.
Mwanaharamu hakupita.
Tangi la wiki likawa la siku tatu,
bomba likatema moshi mweusi juu ya theluji ya watu.

Dolores Nowicki, jirani,
aliyefunga nyaya miaka thelathini kiwandani kwa Jeep,
alitoka na koti juu ya nguo ya kulalia
na kibanio cha karatasi, akikinyoosha kwa meno.
"Ya siku hizi huyasomi bila mashine," alisema.
"Haya ya zamani yana adabu. Uliza, litajibu."

Akaingiza kichwa chini ya usukani, miguu nje barafuni,
akapapasa soketi yenye matundu kumi na mawili,
akaunganisha tundu A na tundu B.
"Washa swichi. Stata usipige."

Taa ikapepesa mara moja.
Kimya.
Mara mbili, upesi.
Kimya kirefu.
Moja. Mbili upesi.
Kimya kirefu.
Moja. Mbili.

"Kumi na mbili," sauti yake ikatoka chini ya dashibodi.
"Huo si ugonjwa. Linasema tu kwamba linaweza kusema.
Mara tatu kwanza, siku zote.
Ugonjwa unafuata."

Nilicheka hadi kiwiko kikagonga honi.
Ningemwelezaje?
Kwetu Korogwe nani huanza na msiba?
Hujambo? Sijambo. Za asubuhi? Nzuri.
Za watoto? Nzuri. Za tangu juzi?
Nzuri, nzuri, nzuri, halafu: ila.
Hata nyumba ikiungua, nzuri hutangulia,
ila ndiyo hubeba moto.
Gari la watu wa Michigan limejulia wapi?

Ikapepesa tena: moja, kimya, tano.
Kumi na tano. Nayo mara tatu.
Sensa ya joto. Waya wake umeliwa na chumvi ya barabarani,
na ule ubongo mdogo uliofichwa upande wa abiria
unaamini injini inaganda.
Injini inachemka, wao unazidi kumimina petroli,
kama mama anayemvika mtoto sweta la pili
Januari ya Tanga.

Dola kumi na moja dukani. Kazi ya robo saa,
na vidole viwili vilivyochubuka, vyangu.
Dolores akachomoa waya wa betri, akahesabu hadi kumi,
akaurudisha.
"Sasa limesahau. Lakini usilisahaulishe
kabla hujalisoma. Wengi hufanya hivyo.
Taa inazimika, wanauza gari."

Plasta nikaibandua. Gundi yake ipo hadi leo.

Ijumaa, saa tisa za usiku, kwenye maegesho ya hospitali,
nilikuwa nimeiacha injini ingurume nipate joto.
Simu. Dada yangu Mwanaidi, kwao jua limeshapanda.
"Mama hajambo," akasema.
Nikauliza za nyumbani.
"Nzuri. Mama hajambo."
Na mahindi?
"Yamekubali mwaka huu. Mama... hajambo kabisa."

Nikazima injini, nikaiacha swichi.
Sikumkatiza.
Taa zote za dashibodi ziliwaka pamoja, nyekundu na njano,
na mimi kimya, nahesabu.